Mvua Inayonyesha Mbali



Mwezi Julai mwaka jana, yapata saa tano na nusu asubuhi, nilikuwa chini ya ardhi katika jangwa la Arizona, Marekani. Tulikuwa tumeshuka kwa ngazi za chuma ndani ya ufa wa mwamba, watu tisa pamoja na binti mmoja wa kutuongoza. Juu yetu ulionekana utepe mwembamba wa anga, wa buluu, bila hata wingu dogo kama kiganja cha mtu. Yule binti akasimama. Akasogeza redio yake ya mkononi sikioni, akasikiliza, kisha akageuka na kusema bila kupaza sauti: "Tunatoka. Sasa hivi. Acheni kupiga picha."

Nikatazama juu tena. Buluu tupu. Moyoni nikauliza: kwa mvua ipi?

Swali hilo nimelibeba hadi leo, nami naomba nilitafakari pamoja nawe Dominika hii, kwa sababu jibu lake lilinigusa mahali ambapo sikutaka kuguswa.

Nianze na namna nilivyofika huko. Nilikuwa nimekwenda kwa miezi miwili kushika nafasi ya paroko mmoja aliyekuwa likizo. Katika mji wa Phoenix wapo Wakristo wengi wanaozungumza Kiswahili, waliotoka Kongo na Burundi. Baadhi yao waliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, kwetu Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani. Niliwaadhimishia Misa kwa Kiswahili, nikawatembelea wagonjwa wao, nikala ugali wao. Siku zangu za kuondoka zilipokaribia, wakachangishana. Wakaniambia, "Padri, hauwezi kurudi nyumbani bila kuona jangwa hili." Wakanilipia safari ya siku moja kwenda Antelope Canyon, korongo linalojulikana duniani kote kwa picha zake. Mama mmoja wa jumuiya yao, mzaliwa wa Uvira, akapewa kazi ya kunisindikiza.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri katika gari dogo, mfano wa Hiace zetu. Walikuwamo mzee na mkewe kutoka Ujerumani, familia ya watu wanne, kijana mmoja Mkorea mwenye kamera ya gharama kubwa, yule mama na mimi. Phoenix iko chini, mita kama 330 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni la tanuri. Barabara hupanda hadi Flagstaff, zaidi ya mita 2,100, ambako ghafla unajikuta kati ya misonobari na hewa ya baridi. Kisha unashuka tena upande wa kaskazini na kuingia katika nchi ya Wanavajo, ambao wao wenyewe hujiita Diné. Eneo lao lina zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Ukiziunganisha Rwanda na Burundi, bado hazilifikii.

Njiani dereva alitupa onyo la kwanza la siku hiyo. Alisema tusiamini saa za simu zetu. Arizona hawasogezi saa mbele wakati wa kiangazi, lakini Wanavajo husogeza, kwa hiyo simu ikishika mnara huu inaonyesha saa hii, ikishika mnara ule inaonyesha nyingine. Kweli, tulipokaribia mji wa Page simu yangu iliandika saa sita na ya yule mama saa tano. Tukacheka. Dereva akasema, "Fuateni saa yangu." Hilo halikunisumbua hata kidogo. Kumtii mtu katika jambo dogo ni rahisi.

Korongo lenyewe liko katika ardhi ya Wanavajo, na hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia bila kuongozwa. Ukitaka kwenda peke yako na ramani yako, hutaingia. Tulipofika, dereva wetu alitukabidhi kwa mwenyeji, naye akabaki nje. Mabegi hayaruhusiwi, kwa hiyo tukayaacha garini, nami langu nikaliacha humo pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Nitarudi kwenye begi hilo baadaye. Mwenyeji wetu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye kofia pana na maneno machache.

Kabla hatujashuka alitueleza majina. Jina la Kiingereza, alisema, lina maana ya Korongo la Swala. Lakini Wanavajo sehemu ya juu ya korongo huiita Tsé bighánílíní, yaani mahali maji yanapopita kati ya miamba. Sehemu ya chini, tuliyokuwa tunaingia sisi, jina lake linahusu namna mwamba ulivyojisokota. Nikafikiri: wageni walipaita kwa mnyama aliyewapendeza macho, wenyeji wakapaita kwa maji. Nilikuwa nimesimama juu ya mchanga mkavu kabisa, jua likinichoma shingo, na jina la mahali lilikuwa linaniambia habari za maji. Sikulizingatia.

Ukiwa juu huoni kitu ila mpasuko katika mwamba, kama ufa wa ardhi wakati wa ukame. Ukishuka, unaingia kanisani. Sina neno jingine. Kuta zinapanda pande zote mbili, zimelainishwa kama kitambaa kilichokunjwa, rangi ya chungwa, ya kutu, ya zambarau, zikibadilika kila hatua kadiri mwanga unavyoteremka. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba mwamba ule hapo kale ulikuwa matuta ya mchanga wa jangwa, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Mchanga ukashikamana ukawa jiwe. Kisha maji ya mafuriko, mwaka baada ya mwaka, yakaingia katika nyufa yakibeba mchanga, yakachonga na kusugua. Uzuri wote ule umefanywa na mafuriko. Kijana Mkorea alikuwa akipiga picha kama mtu anayevuna kabla ya mvua. Mimi nilikuwa nikimshukuru Mungu, na nilikuwa nikipanga homilia.

Ndipo binti aliposema tutoke.

Hatukuwa tumefika hata nusu. Yule kijana akaomba dakika mbili tu. Mzee Mjerumani akaonyesha kidole juu, kwenye anga safi. Mimi, padre wa miaka hamsini na kitu, nilijikuta nikinung'unika kama Waisraeli kule Meriba. Watu maskini walichanga fedha zao niione kazi hii ya Mungu, na sasa binti mdogo kuliko wapwa zangu ananifukuza kwa sababu ya sauti ndani ya redio. Methali yetu inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mwenye neno alikuwa mdogo, na sisi wakuu ndio tuliokuwa wagumu wa kusikia.

Mtu mmoja tu hakuuliza chochote. Yule mama wa Uvira alikwisha geuka, ameshika vazi lake kwa mkono mmoja na chuma cha ngazi kwa mkono mwingine. Akaniambia kwa Kiswahili, wengine wasielewe: "Padri, tupande. Maji ya namna hii miye nayajua."

Tukapanda. Binti alitutanguliza sote. Alihesabu vichwa, akatoka wa mwisho.

Tulipokuwa kivulini juu, tukinywa maji, alitueleza. Dhoruba ilikuwa imeanguka mbali upande wa juu wa bonde, ambako sisi hatukuweza kuona. Ardhi ya jangwa ni ngumu, haina majani ya kuzuia wala udongo wa kunywa, kwa hiyo maji hayazami. Hukimbia yote pamoja kuelekea chini, na palipo na ufa ndipo yanapoingia. Kisha akatusimulia jambo ambalo kila anayefanya kazi pale analijua. Tarehe 12 Agosti 1997 wapo watalii waliokuwa ndani ya sehemu hiyo hiyo ya chini. Pale walipokuwa mvua ilikuwa ndogo sana. Dhoruba kubwa ilinyesha zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo. Maji yakaja kama ukuta. Watu 11 wakafa, saba kati yao wakiwa Wafaransa, na kati ya waliokumbwa ndani alitoka hai mmoja tu, kiongozi wa msafara. Ngazi za wakati ule zilikuwa za mbao, zikasombwa. Ngazi za chuma tulizozitumia sisi, zilizofungwa kwenye mwamba, pamoja na king'ora na redio ya hali ya hewa, vyote vimekuja baada ya makaburi hayo.

Mpendwa msomaji, labda unasubiri nikuambie kwamba baada ya dakika kumi tuliyaona maji yakipita kwa kishindo, nasi tukapiga magoti. Hapana. Tulisubiri zaidi ya saa moja. Anga ikabaki buluu. Maji hayakuja, au hayakuja kwa upande wetu. Wakaturudishia kiingilio, wakafunga kwa siku hiyo. Yule kijana Mkorea alimwuliza binti, kwa adabu lakini kwa uchungu, kama hakuona kwamba ametutoa bure. Akamjibu, "Nikikosea hivi, mnakwenda nyumbani mmekasirika. Siwezi kukosea kwa namna ile nyingine."

Sisi tuliozaliwa mikoa ya katikati, Dodoma na Singida, tulipaswa kuelewa haraka kuliko wote. Kwetu yapo makorongo ya mchanga ambayo kwa miezi minane unavuka kwa baiskeli, watoto wanacheza mpira humo, akina mama wanachimba visima. Kisha siku moja, bila tone moja kijijini, maji yanateremka kutoka milimani na kumchukua mtu na ng'ombe wake. Jirani zetu Wakenya wana bonde la Ol Njorowa katika hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa waliokuwa matembezini walifia humo kwa mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 mafuriko mengine yakawachukua watalii katika bonde hilo hilo. Na hakuna Mtanzania aliyesahau Katesh, Desemba 2023, mlima Hanang ulipoteremsha tope juu ya mji na kuua watu zaidi ya 80. Yule mama naye alikuwa na ya kwake. Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani juu ya Uvira, mto Mulongwe ukaingia mjini, na nyumba ya dada yake ikaenda na kila kitu.

Seminarini mwalimu wetu wa Maandiko alitufafanulia mfano wa Bwana kuhusu mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga, mwishoni mwa sura ya 7 ya Injili ya Mathayo. Alisema tusimwone mjenzi yule kama mwendawazimu. Katika nchi ya Palestina makorongo hukauka kabisa wakati wa kiangazi. Chini pana mchanga tambarare, pamekingwa na upepo, huhitaji kuvunja mwamba ili kuchimba msingi. Mtu akijenga hapo mwezi Julai, majirani watamsifu kwa akili. Kosa lake ni kwamba aliipima nchi kwa anga ya siku ile.

Je, sisi hatufanyi hivyo? Mzazi anaambiwa na mwalimu kwamba mtoto ameanza kutoroka shule, anajibu, "Mbona nyumbani ana heshima?" Mke anamwambia mumewe kwamba madeni yanakua, anajibu, "Umewahi kulala njaa?" Kila mmoja anaonyesha kidole juu kwenye kipande chake kidogo cha anga. Na kipande hicho ni kweli cha buluu. Hasemi uongo. Ila mvua haikuanzia hapo.

Sasa niseme habari ya begi langu.

Ndani ya begi lile, lililobaki garini, kulikuwa na pakiti ya vidonge isiyofunguliwa. Kabla sijasafiri, Sista anayesimamia zahanati yetu alinipima presha mara tatu kwa siku tatu. Kila mara ilikuwa juu. Akaniandikia dawa, akanieleza kwamba ni za kumeza kila siku, hata nikijisikia vizuri. Nikazichukua kwa heshima, nikaziweka begini, zikavuka bahari pamoja nami bila kufunguliwa. Nilikuwa najisikia vizuri. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kwamba wanalo, kwa sababu mara nyingi haliumi wala halitoi ishara. Mimi nilikuwa katika ile nusu nyingine, ya wanaojua.

Lakini hilo ni langu mwenyewe. Lililoniuma zaidi ni la mtu mwingine.

Katika kigango chetu kimoja alikuwepo katekista aliyelitumikia Kanisa kwa zaidi ya miaka ishirini. Karibu kila kijana wa pale alifundishwa naye Ishara ya Msalaba. Mwaka mmoja kabla ya safari yangu, baada ya Misa, alinisindikiza hadi kwenye pikipiki akaniambia akicheka, "Baba Paroko, vidonge vya presha nimeacha tangu Kwaresima. Nimeombewa, na sasa najisikia kijana." Nami nilikuwa na haraka, kigango kingine kilikuwa kinanisubiri. Nikacheka naye. Nikamwambia, "Mungu ni mwema." Akanijibu, "Kila wakati." Nikawasha pikipiki.

Miezi mitatu baadaye alianguka shambani, jembe mkononi. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na ulimi. Yupo hai. Lakini mtu aliyewafundisha watoto wetu Baba Yetu hawezi tena kuisali mpaka mwisho.

Kila aliyenisikia nikihubiri katika mwaka ule alinisikia nikisema ni mapenzi ya Mungu. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nilikuwa nimesikia redio, na sikusema "tokeni". Nabii Ezekieli, sura ya 33, anasimulia habari za mlinzi aliyewekwa juu ya ukuta. Akiona hatari inakuja asipige baragumu, na mtu akafa, Mungu ataidai damu ya mtu huyo mkononi mwa mlinzi. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi, daima nikiwaelekeza viongozi wengine.

Kutoka korongoni dereva alitupeleka kwenye ukingo wa Horseshoe Bend, karibu na Page, ili siku isipotee yote. Unatembea juani kama kilomita moja, kisha nchi inakatika, na mita 300 chini yako mto Colorado unazunguka jabali kama kiatu cha farasi. Tulisimama kwenye uzio, yule mama na mimi, nikamsimulia habari za katekista. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema, "Padri, yule binti pale chini naye angeweza kutuambia tu Mungu ni mwema."

Jioni tukirudi Phoenix, wengine wamelala garini, nilikumbuka sehemu ya Maandiko ambayo hatuihubiri mara nyingi. Iko katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 10. Waisraeli wanaondoka Sinai. Wingu la Bwana liko juu yao mchana, Sanduku la Agano linatangulia. Kama kuna watu duniani waliokuwa na uongozi wa Mungu mwenyewe, ni hao. Na bado Musa anamwendea mkwe wake Hobabu, Mmidiani, mtu wa jangwani, na kumwomba aende pamoja nao. Hobabu anakataa, anataka kurudi kwa ndugu zake. Musa hakubali. Anamsihi asiwaache, kwa kuwa yeye anajua mahali pa kupiga kambi katika jangwa, naye atakuwa kwao badala ya macho.

Lione jambo hili, ndugu yangu. Musa, aliyezungumza na Mungu, anaomba macho kwa mwenyeji. Hakuona kwamba kumsikiliza Hobabu ni kupungukiwa imani kwa lile wingu. Kwetu tunasema mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Musa alijua kwamba katika jangwa lile yeye ni mgeni. Hata wamisionari Wafransisko walioanza utume kati ya Wanavajo mwaka 1898, huko St. Michaels, Arizona, kwa msaada wa Mtakatifu Katharine Drexel, waliketi kwanza miguuni pa wenyeji kujifunza lugha, wakaandika neno moja moja, mpaka mwaka 1910 wakachapisha kamusi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba neema haiji kufuta maumbile tuliyopewa, inakuja kuyakamilisha. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza kumheshimu tabibu, kwa maana naye ametoka kwa Mungu, na anasema kwamba dawa Bwana amezitoa katika ardhi, mtu mwenye busara hazidharau. Kwa hiyo anayesema, "Nimeombewa, nimetupa vidonge," hajamtukuza Mungu. Amempokea Mungu wa wingu na kumfukuza Hobabu aliyeletwa na Mungu yule yule. Sala iendelee, Mpako wa Wagonjwa uendelee, na kidonge kimezwe.

Utaniuliza: Padre, wanaopiga kelele za hatari siku hizi ni wengi. Wapo wanaouza mafuta, wapo wanaouza maji, wapo wanaotutisha ili tutoe sadaka. Nitamjuaje Hobabu wa kweli? Nimelifikiria swali hilo kwa kumkumbuka yule binti. Kwanza, alipajua mahali. Alizaliwa karibu na hapo, amepita humo kila siku, na masikio yake yalikuwa kwa watu walioiona dhoruba. Pili, onyo lake lilimgharimu yeye. Fedha zilirudishwa kwetu, hazikwenda kwake. Anayekuonya huku akinufaika na hofu yako, mchunguze. Tatu, alitoka wa mwisho. Hakutuelekeza akiwa juu kivulini. Alikuwa chini pamoja nasi, kwenye njia ile ile ya maji.

Kwa vipimo hivyo, Sista wetu wa zahanati ni Hobabu. Mke anayekuuliza kuhusu madeni ni Hobabu. Mwalimu aliyetembea kilomita tano kuja kukuambia habari za mwanao ni Hobabu. Na wengi wao ni wadogo kwetu kwa umri au kwa cheo, ndiyo maana tunawauliza, "Wewe unaniambia mimi?"

Usiku ule nilifungua pakiti. Nimeendelea mpaka leo, na presha yangu imeshuka. Hilo silisemi kwa kujisifu, nilichelewa.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa katekista. Nilimkuta ameketi nje chini ya mwembe, mkewe akimnyoosha vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kama alivyoelekezwa hospitalini. Nilimwambia yote, kuanzia siku ya pikipiki. Nilimwomba msamaha. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanishika kwa mkono wa kushoto, ule wenye nguvu, akajaribu kusema neno. Mkewe ndiye aliyelielewa. Akaniambia, "Anakuuliza, Baba, kama wewe unameza zako."

Sasa kila Dominika ya kwanza ya mwezi, baada ya matangazo, Sista anakaa kwenye benchi mlangoni mwa kanisa na kipimo chake. Mimi natangulia kukunja mkono wa shati, waumini wote wakiona. Mara ya kwanza walikuja watu sita. Dominika iliyopita Sista alimaliza saa nane mchana, na katekista wetu aliletwa kwa baiskeli, akakaa karibu naye kwenye benchi, akiwaonyesha wanaosita kwa mkono wake wa kushoto mahali pa kukaa.